Je, moshi unaweza kugeuzwa kuwa gesi ya kupikia?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wetu wa jamii katika semina ya viongozi wa vikundi. Tumeyaandika karibu yote kama alivyoyasema, kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika. Msomaji mmoja ayasome kwa sauti katika mkutano, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwisho.)

 

Leo sitazungumza juu ya hesabu za kikundi wala juu ya mbuzi wa maziwa. Nitazungumza juu ya moshi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ndipo mjue kwa nini nimechagua habari hii.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama 24 ambacho kimeniruhusu niwaeleze hadithi yake bila kukitaja. Kilikuwa kinaweka akiba ya kununua tangi la maji. Akaja kijana mmoja, amevaa vizuri, ana karatasi zenye picha. Akawaambia ati wataalamu wamegundua unga mweupe unaogeuza moshi wa jiko kuwa gesi ya kupikia, kwa nguvu ya jua tu. Akaweka unga katika chombo cha maji, akaingiza moshi kwa mpira, akakiweka chombo juani. Mapovu yakatoka. Akawasha kiberiti kwenye mdomo wa bomba, moto ukawaka! Akina mama wakapiga vigelegele.

Mweka hazina wao ni mtu mwangalifu. Alinijia akaniuliza, "Mwalimu, jambo hili ni la kweli?" Mimi nilisomea diploma ya kazi za jamii, sikusomea kemia. Niliona aibu kusema sijui. Nikamjibu, "Ngoja nitauliza." Wiki mbili zikapita, na sikumwuliza mtu yeyote. Siku niliporudi, kila mama alikuwa ametoa shilingi 1,500, jumla shilingi 36,000, na kijana hakuonekana tena.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari. Nilikaa naye Jumamosi tatu akinifundisha. Haya ninayowaambia ni yale niliyopaswa kuyajua kabla, ama angalau kuyauliza.

HEWA UKAA NI NINI?

Mnapochoma kuni, makaa au mafuta ya taa, kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani. Kinachotoka ni joto, na hewa inayoitwa kaboni dioksidi, ambayo wengi huiita hewa ukaa. Huwezi kuiona. Ule moshi mnaouona ni masizi na vitu ambavyo havikuungua vizuri.

Hewa ukaa si adui. Mahindi yetu na miti yetu hujijenga kwa hewa hiyo, pamoja na maji na mwanga wa jua. Shida ni kwamba imezidi. Katika mlima Mauna Loa huko Hawaii, Marekani, wamekuwa wakiipima tangu 1958. Wakati huo ilikuwa kama sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Siku hizi imepita 420. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokana na makaa ya mawe, petroli na gesi ya ardhini, na nyingi ya hizo zimechomwa katika nchi zenye viwanda vingi.

Sasa watu wanauliza: ikiwa jani la mhindi linaweza kuichukua hewa hii na kutengeneza chakula, je, sisi hatuwezi kuichukua tukatengeneza mafuta? Swali hili ni zuri. Hata yule kijana hakulizua yeye, alilisikia mahali.

KWA NINI NI KAZI NGUMU?

Akina mama mnaochota maji mtonini mtaelewa upesi. Maji yakiwa juu ya kilima, yanateremka yenyewe. Yakishafika bondeni, lazima mtu ayabebe kuyarudisha juu. Kuni ni kama maji yaliyo juu ya kilima. Ukiziwasha, nguvu inateremka na wewe unapika ugali. Hewa ukaa ndiyo maji yaliyofika bondeni. Haina tena nguvu ya kukupa. Ukitaka iwe gesi ya kupikia, lazima kitu fulani kiibebe mpaka juu, na nguvu ya kuibebea itoke mahali. Nguvu haipatikani bure.

Wataalamu wanataka jua ndilo liwe mbebaji. Lakini jua peke yake likiangaza hewa ukaa, hakuna linalotokea, kwa maana kaboni na oksijeni zimeshikana kwa nguvu sana. Panahitajika kichocheo.

Kichocheo ni nini? Fikirieni mshenga. Mshenga anakwenda nyumba hii na nyumba ile, anazungumza na wazee, mpaka watu wawili wanaoana. Yeye mwenyewe haolewi wala haoi. Kesho yake anaweza kwenda kushughulikia posa nyingine. Kichocheo ni hivyo hivyo. Kinasaidia vitu viungane au viachane, nacho hakiliwi katika kazi hiyo. Na kichocheo cha mwanga ni mshenga ambaye haanzi kazi mpaka apigwe na mwanga.

Lishikeni neno hili, kwamba kichocheo hakiliwi. Tutalirudia.

UNGA MWEUPE WA KWELI

Unga mweupe upo kweli. Unaitwa titaniamu dioksidi. Mmeshauona bila kujua, kwani ndio unaofanya rangi nyeupe ya ukuta iwe nyeupe, na hutiwa katika dawa nyingi za meno. Madini ya titaniamu yamechimbwa hata hapa kwetu, Kwale, na kusafirishwa nje kuanzia 2014, mpaka uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024.

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walitangaza kwamba kitu hiki kikiwekwa katika maji na kuangaziwa, kinaweza kuyatenganisha maji yawe haidrojeni na oksijeni. Mwaka 1979 Fujishima na Honda, wakiwa na wenzao Inoue na Konishi, walionyesha kwamba unga wa namna hii ukiwa ndani ya maji yenye hewa ukaa, unaweza kutoa methanoli na methani kidogo. Methani ndiyo ile gesi inayowaka ya mtambo wa biogesi.

Basi kama ilijulikana 1979, mbona hatuipikii mpaka leo? Mwalimu wangu alinipa sababu nne, na kwa kila sababu akanieleza wataalamu wanafanya nini kuuboresha unga huo.

Sababu ya kwanza ni mwanga. Titaniamu dioksidi haitumii mwanga huu tunaouona. Inatumia ile miali mikali isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, inayounguza ngozi na kupausha nguo. Miali hiyo ni karibu sehemu 5 tu katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua. Ni kama mtu mwenye shamba la ekari 20 anayelima ekari 1. Kwa hivyo wanachanganya unga na vitu vingine ili utumie mwanga wa kawaida. Mwaka 2001, kwa mfano, watafiti wa Japani walitia naitrojeni ndani yake, ukaanza kufanya kazi kwa mwanga unaoonekana.

Sababu ya pili ni upotevu. Mwanga ukiupiga unga, hurusha vitu vidogo mno viitwavyo elektroni. Hizo ndizo wabebaji wetu wa kupandisha mzigo. Lakini kila elektroni ikiruka huacha shimo nyuma yake, na nyingi huanguka tena katika mashimo hayo kabla hazijafanya kazi yoyote. Ni kama kuchota kwa ndoo iliyotoboka. Dawa yake moja ni kupaka juu ya unga vipande vidogo sana vya metali kama platinamu au shaba, ili vizidake elektroni kabla hazijaanguka. Dawa nyingine ni kuunganisha unga wa aina mbili. Mmeona ukingo wa mto ukiwa mrefu? Mama mmoja anasimama chini anainua mtungi mpaka ngazi ya kati, mwenzake anaupokea na kuufikisha juu. Unga mmoja unapokea mwanga na kuinua nusu ya safari, wa pili unapokea mwanga tena na kumalizia.

Sababu ya tatu ni kuchagua. Ili kupata methani moja, lazima elektroni 8 zifike kwa hewa ukaa ile ile moja. Kwa methanoli ni 6. Kwa kaboni monoksidi ni 2 tu. Kwa sababu hiyo mara nyingi unga hutoa kilicho rahisi, yaani kaboni monoksidi, au huiacha hewa ukaa kabisa na kutoa haidrojeni ya maji. Kaboni monoksidi mnaijua, ijapokuwa hamkuijua kwa jina. Ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa. Viwandani ina kazi zake nzuri, lakini si kitu cha kutengenezewa jikoni.

Sababu ya nne ni kwamba hewa ukaa haikai karibu na unga. Ni chache hewani, na haiyeyuki sana majini. Hapo wataalamu hutengeneza vitu vyenye vyumba vidogo vidogo ndani, kama sega la nyuki, ili hewa iingie na kutulia. Waliovumbua vitu vya namna hiyo, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2025. Yaghi ni mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina, aliyezaliwa Amman, Jordan. Vijana mlio hapa, msikie hilo.

WAMEFIKA WAPI?

Wacha tupige hesabu kidogo, tena polepole.

Taarifa nyingi za maabara husema kwamba gramu 1 ya unga ikiangaziwa kwa saa 1 inatoa maikromoli chache, au makumi machache. Hicho ni kipimo kidogo sana cha wanakemia. Tuchukue maikromoli 10 za methani. Uzito wake ni miligramu 0.16. Ukiwa na kilo nzima ya unga huo, na kila punje ipate mwanga sawa na ule wa maabara, utapata gramu 0.16 kwa saa. Jua likiwaka saa 8 kwa siku, utapata kama gramu 1.3. Ili ufikishe kilo 6, uzito wa gesi iliyo katika ule mtungi mdogo tunaoujua, utangoja karibu miaka 13.

Mtasema labda utakuja unga bora. Sawa, tuhesabu kwa upande wa jua. Sehemu nyingi za Kenya, mita mraba 1 hupata kama uniti 5 za nguvu ya jua kwa siku, uniti hizi hizi za stima. Gesi ya mtungi wa kilo 6 ina kama uniti 77. Chombo kikiweza kugeuza sehemu 1 katika 100 ya jua kuwa gesi, mita mraba 1 itakupa uniti 0.05 kwa siku. Mtungi mmoja utachukua zaidi ya miaka 4. Anayetumia mtungi mmoja kwa mwezi atahitaji mita mraba 50 na zaidi.

Na hiyo sehemu 1 katika 100 nimewapa kwa ukarimu. Mwaka 2021 watafiti wa Japani walitangaza kazi ya kusifika sana. Walitandaza vibao vya unga vya mita mraba 100 juani, vikatoa haidrojeni kutoka kwa maji. Haikuwa hewa ukaa, ilikuwa ile kazi rahisi zaidi ya maji. Walipofika juu kabisa, walipata asilimia 0.76.

Sisemi haya ili kuwacheka. Wanafanya kazi ya maana, na huenda watoto wetu wakaitumia. Lakini mtu akija leo na chombo cha ukubwa wa sufuria akasema kinapikia familia, ninyi mnaweza kupiga hesabu hii wenyewe kwa kalamu.

JINSI WATAALAMU WANAVYOJICHUNGUZA

Jambo lililonigusa zaidi ni hili. Wataalamu wenyewe wanaogopa kudanganyika. Unga mara nyingi huwa na uchafu wenye kaboni uliobaki wakati wa kuutengeneza. Mwanga ukiupiga, uchafu huo unaweza kutoa gesi kidogo, nawe ukashangilia ukidhani ni hewa ukaa imegeuka. Kwa hivyo mtafiti mwaminifu hufanya majaribio matatu.

1. Anajaribu gizani. Gesi ikitoka bila mwanga, si kazi ya mwanga.

2. Anajaribu bila hewa ukaa. Gesi ikiendelea kutoka, haitoki kwa hewa ukaa.

3. Anatumia hewa ukaa yenye kaboni nzito kidogo, inayoweza kutambulikana kwa mashine. Ni kama mfugaji anayemkata mbuzi wake alama ya sikio kabla ya kumpeleka kwenye malisho ya pamoja. Akirudi, anajua huyu ni wangu. Gesi ikitoka ina kaboni ile nzito, basi kweli imetoka kwa hewa ukaa aliyoiingiza.

Sasa turudi kwa kile kikundi. Kijana yule alikuwa amesahau kopo moja lenye unga kidogo. Mwana wa mmoja wa akina mama ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alipofungua kopo akasikia harufu kama ya kitunguu saumu. Jioni, jua limekwisha tua, akatia punje chache katika maji nje ya nyumba, bila moshi wowote. Mapovu yakatoka, moto ukawaka vile vile.

Mnaona? Bila kujua, kijana huyo alifanya jaribio la kwanza na la pili kwa pamoja. Unga ule ulikuwa kabaidi, mawe yanayotumiwa na mafundi na pia na watu wanaoivisha ndizi kwa haraka. Kabaidi ikikutana na maji hutoa gesi inayowaka. Moshi na jua vilikuwa mapambo. (Tafadhali msijaribu nyumbani. Gesi hiyo hulipuka vibaya.) Tena baada ya kuwaka, unga wenyewe ulikwisha, ikabaki chokaa tu. Kichocheo hakiliwi, nilisema. Huyu hakuwa mshenga. Yeye ndiye aliyeliwa.

Jaribio hilo halikugharimu hata shilingi moja. Kama lingefanywa kabla ya kutoa pesa, tangi lingekuwa limefika.

TUFANYE NINI SASA?

Kwanza, mtu yeyote akileta kifaa kipya, muulizeni maswali manne kabla ya kufungua sanduku la pesa. Nguvu inatoka wapi? Kinatoa kiasi gani kwa siku, kwa kilo au kwa uniti, na sisi tupime wenyewe? Je, tukiondoa kile unachosema ndicho kinachofanya kazi, bado kinawaka? Na kuna kikundi gani kimekitumia mwaka mzima, tuende tukione? Mtu mkweli hatakasirika. Akisema nafasi zinakwisha leo, mwacheni aende nazo.

Pili, moshi wa jikoni ni shida ya leo, haungojei maabara. Mama yangu alikohoa miaka mingi kwa ajili ya mawe matatu. Zipo njia zilizokwisha kujaribiwa. Mwenye ng'ombe wawili au zaidi wa kufungiwa na maji karibu anaweza kufikiria mtambo wa biogesi. Hapo vijidudu vya kinyesi hutoa methani bila unga wowote wa ajabu, kwa sababu jua lilikwisha fanya kazi yake katika nyasi alizokula ng'ombe. Asiye na ng'ombe atumie jiko lililoboreshwa la udongo, ambalo limeenea Kenya tangu miaka ya 1980. Kuni zikauke kabisa kabla ya kuwashwa. Jiko liwe na dohani, na dirisha lifunguliwe.

Tatu, tusiwakataze watoto kuota. Msichana anayependa kemia asiambiwe ati hiyo ni kazi ya Wajapani. Jua tunalo, tena jingi.

La mwisho ni kwangu mimi na wenzangu tunaotembelea vikundi. Mkituuliza jambo tusilolijua, tuseme sijui siku hiyo hiyo, na tutafute anayejua kabla ya wiki kwisha. Yule mweka hazina aliuliza swali sahihi kwa wakati unaofaa. Alikosa jibu kwa sababu nilitaka kuonekana msomi. Nimekwisha kumwomba msamaha mbele ya kikundi chake, na leo narudia mbele yenu. Kikundi kimeanza tena kuchanga, shilingi 100 kwa wiki kila mmoja. Nami natoa 100 yangu pamoja nao mpaka tangi lifike.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kikundi chetu kimewahi kuonyeshwa kifaa kipya? Nani alikipima, na kwa njia gani?

2. Katika sheria za kikundi, ni watu wangapi lazima wakubali kabla ya pesa kutoka? Je, mtu mmoja mwenye shaka anaweza kusimamisha malipo mpaka ajibiwe?

3. Ni nani katika eneo letu (mwalimu, fundi, muuguzi, afisa wa kilimo) tunayeweza kumwuliza mambo ya kitaalamu? Andikeni majina yao katika kitabu cha kikundi.

4. Nyumba ngapi za wanachama bado zina moshi mwingi jikoni? Tuanze na ipi, na lini?